Hakuna njiwa aliyebeba shela

Kwanza niliseme hili: hakuna njiwa aliyeondoka na shela la bibi harusi. Mshikaji wangu aliyewasimulia hivyo jana usiku alikuwa nyuma kabisa, kwenye kivuli cha mwembe, na video yake inatikisika kwa sababu alikuwa anacheka. Aliyekuwa mbele ni mimi. Sikilizeni kwanza, kucheka mtacheka tu.

Mnawajua wale njiwa wangu weupe sita wa Ngamiani, hapa Tanga. Nilianza kuwaachia mwisho wa mtaa, nikasogea Chumbageni, mpaka wakawa wanaachiwa Pongwe na kufika nyumbani kabla ya bajaji yangu. Siri ni tumbo na kopo. Njiwa aliyeshiba hana haraka na mtu, atakaa juu ya paa la jirani akutazame kama unamdai. Kwa hiyo wanaruka na njaa, na wakionekana juu ya banda natikisa kopo la maziwa lenye mtama: chaka-chaka-chaka. Wakiisikia hiyo wanakunja mbawa na kushuka.

Nikapata tenda ya kurusha njiwa mlangoni mwa kanisa. Nikawanyima chakula tangu juzi jioni. Mwenyekiti, lile dume langu kubwa, nikamchomoa kwenye mayai katikati ya zamu yake (ndiyo, kwa njiwa baba naye hulalia, hasa mchana, msiniulize kwa nini nyinyi hamuwezi), nikamwacha mkewe bandani. Dume mwenye mayai nyumbani harandi. Tena nikawatoa familia wasiwasi kwa mdomo wangu mwenyewe: "Njiwa mwenye njaa hachafui."

Moja, mbili, tatu, nikafungua boksi. Jamani, walitoka vizuri! Wakazunguka mara mbili juu ya kanisa wakitafuta mwelekeo, wakaelekea Ngamiani. Watu wakapiga vigelegele. Nikakunja mikono kifuani kama mkurugenzi.

Hapo ndipo kwaya ya akina mama ilipotoka mlangoni na makayamba.

Mnalijua kayamba: mabua, na ndani yake mbegu. Yaani kopo langu. Makopo yangu manane, yanatikiswa kwa pamoja.

Nikaona kundi zima linakata kona angani. Nikasema kimoyomoyo, hapana. Wakakunja mbawa. Wawili wakatua kwenye zulia, ambako watu walikuwa wamewarushia maharusi mchele, wakaanza kula kwa adabu kabisa. Watatu wakatua juu ya wanakwaya, mmoja juu ya kayamba lenyewe. Mwenyekiti akapita kichwa changu, akampita bibi harusi, akatua juu ya mama wa bwana harusi.

Mama alikuwa amevaa kikofia cha pembeni chenye manyoya meupe.

Mwenyekiti akakitazama kwa jicho moja. Akakitazama kwa jicho la pili. Akatunisha shingo, akainama, akazunguka duara zima juu ya kichwa cha mama wa watu huku mkia ukifagia nywele: gruu, gruu, gruu. Mkewe yuko nyumbani amelalia mayai! Akainama tena. Kikofia hakikujibu. Akaongeza bidii.

Nikasogea. Macho yangu na ya mama yakakutana, na katika maneno yote ya Kiswahili, nililoliokota ni hili: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoe."

Nikanyoosha mkono, Mwenyekiti akanichapa bawa la uso. Dume akishachagua mahali, hapo ni kwake. Nikanyoosha wa pili. Kwaya ilikuwa imenyamaza, isipokuwa mama mmoja aliyeimba amefumba macho, chaka-chaka-chaka, kwa hiyo hata wale waliotaka kuruka wakarudi. Na Mwenyekiti, kwa mshtuko au kwa mapenzi, akaachia.

Tumbo la njiwa likiwa tupu, wapendwa, kinachotoka ni nyongo. Maji ya kijani kibichi. Gauni lilikuwa la rangi ya dhahabu. Ule mstari ulianzia begani na haukuwa na haraka hata kidogo. Mimi, bibi harusi, padri na watu kama mia mbili tuliusindikiza kwa macho mpaka kiunoni.

Yaliyofuata ni mafupi. Nimerudisha kianzio, gauni nimelipeleka kwa dobi kwa gharama zangu, na ukumbini sikula. Nilipofika nyumbani wote sita walikuwa bandani, Mwenyekiti kwenye mayai, ananitazama kama mtu aliyeshinda kazini.

Kopo nimelitupa. Kuanzia leo nawafundisha kwa filimbi. Mwenye harusi Desemba aje tuzungumze, ila anihakikishie kwamba hapo kanisani hakuna trafiki karibu.