Gari Lililomkonyeza Mama Mkwe

Kwa desturi yetu sisi watu wa Pwani, kijana anayeposa hatakiwi kuonekana siku posa yake inapopelekwa. Hubaki nyumbani, akawatuma wazee wakiongozwa na mshenga, naye akasubiri majibu huku akijifanya anasoma gazeti. Mimi nilikuwa na miaka 38, umri ambao mtu hudhaniwa kuwa akili zimeshamtulia, na miezi mitatu kabla ya posa yangu nilinunua gari ambalo halina kazi nyingine duniani isipokuwa kuonekana.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster, jina lililotumika Japani kwa gari ambalo kwingineko hujulikana kama Mazda MX-5. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na waliolibuni walikusudia kufufua vile vigari vya wazi vya Kiingereza vilivyopendwa zamani, safari hii vikiwa na injini inayowaka kila asubuhi. Walifanikiwa mno, kwa kuwa mwaka 2016 idadi ya yaliyotengenezwa ilifika milioni moja, na ukitazama foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi utajiuliza yote hayo yamekwenda wapi. Langu lilikuwa la mwaka 1992, jekundu, lenye viti viwili tu, gia tano za mkono, paa la turubai, na taa za mbele ambazo hulala ndani ya boneti na kuinuka pale zinapohitajika, mithili ya macho ya chura.

Ni hayo macho yaliyoniponza. Siku nilipopelekwa kuliona, saa saba mchana na jua la utosi, yote mawili yalikuwa yamesimama wima yakinitazama, nami sikuuliza kwa nini taa zimeinuliwa mchana kweupe. Sikufungua buti. Sikuinama kutazama chini. Dalali aliniambia kuwa mwenyewe alikuwa daktari mzee ambaye hakuwahi kulipeleka mbali zaidi ya Masaki na kurudi, nikaamini, kwa kuwa nilikuwa nimeshajiona nimo ndani, paa limefunguliwa, ninapita Coco Beach jioni ya Jumapili. Nililipa fedha ambazo zingenipatia Toyota IST nzima, yenye usajili wa namba D, na chenji ya kununulia mazulia. Mchumba wangu alipoliona alilizunguka mara moja, akauliza watoto watakaa wapi.

Wiki ya kwanza fundi wa mtaani kwetu aligundua kwamba kuna fyuzi imechomoka, akaisukuma ndani bila hata kunidai. Tangu hapo macho yakawa yanalala na kuinuka, ila la kulia likawa linainuka kwa hiari yake, na baada ya siku chache hiari hiyo ikaisha kabisa. Niliamua kutoendesha usiku. Niliona huo kuwa uamuzi wa kiutu uzima.

Sasa tuje kwenye posa. Wakwe wanakaa Bagamoyo, kilomita zipatazo 65 kutoka Dar es Salaam, na mshenga alikuwa mjomba wangu, mzee wa miaka 74, mwenye mwili wa kutosha na magoti yasiyotosha. Wazee wenzake wawili walitangulia kwa basi asubuhi. Yeye alikataa katakata. Alikuwa amenisikia nikilisifu gari hilo kwenye arubaini, kwenye maulidi na kwenye kikao cha ukoo, akasema kwamba haiwezekani mpwa wake awe na gari la namna hiyo halafu yeye, mshenga, akabanane na matenga ya samaki. Tukakubaliana kwamba nitamshusha pembeni, mbali kidogo na nyumba, kisha nijifiche mahali nimsubiri. Nilisahau kwamba gari jekundu lisilo na paa halijifichi Bagamoyo.

Kumwingiza ndani kulituchukua dakika kumi na tano. Gari liko chini kiasi kwamba paka mnene hapiti chini yake bila kufikiri, na mlango wake si mlango wa mzee. Ikabidi nifungue paa, kazi ambayo ina taratibu zake: kwanza unafungua zipu ya kioo cha nyuma, ambacho ni cha plastiki na hupasuka ukikikunja kikiwa kimefungwa, halafu unaachia vishikizo viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele, ndipo unalilaza turubai nyuma ya viti. Mjomba alisimama akitazama haya yote akiwa katika kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito na bakora, akauliza kama huko Japani hakuna mvua. Kisha tukamteremsha kwa juu, mimi nikimshika makwapa na jirani akimshika miguu, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kulazwa hivi ila anajua siku moja atalazwa.

Barua ya posa ilikuwa imefungwa katika leso nyeupe pamoja na fedha kidogo kama ilivyo ada, na kwa kuwa upepo ungeipeperusha, aliitia kwenye mkoba wake mdogo akaniambia niuweke kwenye buti. Buti la gari hilo ni la lita 124, ambazo ukitoa tairi la akiba zinabaki kama za kapu la sokoni.

Safari ilikuwa ya matuta. Mwenye gari la juu hayajui matuta ya Barabara ya Bagamoyo. Huyaona kama alama za barabarani. Sisi kila tulipovuka moja, sehemu fulani ya chini ilikwaruza lami kwa mlio wa sufuria linalokombwa ukoko, na kila ulipotoka mlio huo Mjomba alisema astaghfirullah. Nilihesabu istighfari 19 kabla hatujamaliza Bunju. Mkono mmoja alikuwa ameshika kofia na mwingine ameshika mlango, na abiria wa daladala walitutazama kutoka juu kama watu wanaochungulia kisima. Tulipofika Kerege aliniuliza kama nimewahi kupima homa ya malaria siku zile nilizolinunua.

Bagamoyo nilisimama chini ya mwarobaini, hatua kama 200 kutoka nyumba ya wakwe, nikamwambia tumefika. Alitazama mchanga ulio mbele yake, akaitazama nyumba kule mbali, akasema kwamba mshenga haingii ukweni kwa miguu kama muuza karanga. Nilibisha kwa heshima. Alinyamaza, na kunyamaza kwa mjomba wangu si jambo dogo. Basi nikavuta kapelo mpaka nyusi, nikavaa miwani ya jua, nikaamua kwamba kuanzia pale mimi ni dereva wa kukodiwa, kisha nikalipeleka gari mpaka mbele ya baraza, ambako wazee wa upande wao na wale wetu wawili walikuwa wameketi wakitungojea.

Handibreki haikuwa ikishika, kwa hiyo nilizima injini nikaliacha kwenye gia. Kutoka kwa Mjomba kulihitaji vijana watatu. Wawili walivuta mikono, mmoja akasukuma mgongo, na kwa kuwa ni Bagamoyo walianza kuimbiana kama wanaovuta ngalawa kutoka majini. Alitoka kwa kishindo huku pindo la kanzu likiwa limenasa kwenye mpini wa gia, akarudi nusu, akavutwa tena. Baba mkwe mtarajiwa alijikuna ndevu kwa muda mrefu. Wakaingia ndani.

Nikageuza ufunguo ili nikimbie.

Gari halikunguruma, wala halikukohoa, wala ile taa nyekundu ya dashibodi haikuwaka. Niligeuza tena na tena. Ndani ya dakika tano nilikuwa na watu kama 30, na ndani ya dakika kumi alikuwapo fundi, kijana mwenye spana mbili na uso wa mtu asiyeshindwa na kitu. Alifungua boneti, akainamia, akazunguka upande wa pili, akainamia tena, kisha akainuka polepole akanitazama kwa huruma.

“Kaka, hili gari halina betri.”

Nilimwambia kwamba limetoka Dar es Salaam asubuhi ileile. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi imeibwa sasa hivi, hapahapa. Nikatazama na mimi. Ni kweli: injini ilikuwapo, rejeta ilikuwapo, mahali pa betri hapakuwapo. Nilimpigia dalali, akapokea na kuniambia yuko msibani, akakata.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa neno “imeibwa” lilitembea kutoka boneti mpaka barazani, na kutoka barazani mpaka ndani, ambako wazee walikuwa bado wanaulizana hali za mvua na za wagonjwa. Baba mdogo wa binti akatoka, mtu mrefu, amekunja mikono ya kanzu. Alitaka kujua ni dereva gani anayesema kwamba ameibiwa betri mlangoni kwao. Wakazi wa mtaa nao waliingilia, wakisema kwamba mtaa ule tangu enzi za Wajerumani haujapotewa na kuku, sembuse betri. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba binti, na sasa nilikuwa ninawaita wazazi wake majirani wa wezi. Nilishusha kapelo zaidi.

Katikati ya kelele hizo Mjomba alitokea mlangoni. Alikuwa amefika mahali pa kutoa barua, akapapasa mifukoni, akakumbuka. Aliniita mbele ya umati mzima, kwa sauti aliyoizoea ya kuita watu ng'ambo ya shamba:

“Wewe bwana harusi! Barua umeiweka wapi?”

Umati ukageuka. Baba mdogo akanitazama kapelo, akanitazama miwani, na kwa kuwa picha yangu ilikuwa imeshapita mikononi mwao wote, akasema tu, “Ahaa.” Nilivua miwani. Sikuwa na mahali pa kuipeleka aibu ile, kwa hiyo niliipeleka kwenye buti.

Mkoba haukuonekana. Matuta yalikuwa yameusukuma mpaka kwenye kona, chini ya zulia, na nilipoliinua zulia hilo niliuona mkoba, na pembeni yake, upande wa kulia, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, niliiona betri. Wahandisi wa Hiroshima waliiweka kule nyuma makusudi ili uzito wa mbele ulingane na wa nyuma, jambo ambalo kila mwenye gari hilo duniani analijua siku ya kwanza. Aliyelimiliki kabla yangu alikuwa ameweka betri isiyo saizi yake, ikawa inacheza, na mojawapo ya yale matuta yenye istighfari lilikuwa limeung'oa waya kwenye kichwa chake. Fundi alinitazama mimi, akaitazama betri, akaniuliza kwa upole nimekuwa na gari hili muda gani. Nilisema miezi mitatu. Hakuongeza neno.

Wakati huo mtoto mmoja wa miaka kama minane alikuwa amekwishakaa kwenye kiti changu na kubonyeza kila kilichobonyezeka. Na mama mkwe, aliyeambiwa huko jikoni kwamba mchumba mwenyewe yuko nje na amewaita watu wezi, alikuwa ametoka, amejitanda khanga yake vizuri, akaja kusimama mbele ya gari kabisa, hatua mbili kutoka kwenye bampa, ili anione. Fundi akaurudisha waya.

Jicho la kushoto likainuka. Lilimtazama mama mkwe. La kulia halikutikisika. Mtoto, kwa kuona kwamba sasa kitufe kina faida, alikibonyeza tena, na jicho likafumba. Akabonyeza, likafumbua. Akabonyeza, likafumba. Mtaa mzima ulinyamaza, ukawa unasikia kimota kikisema ziii, ziii, na mwanamke mtu mzima, mke wa watu, mama wa watoto sita, akiwa anakonyezwa na gari la mkwewe mtarajiwa mbele ya mumewe na kadhi mstaafu.

“Shikamoo, mama,” nilisema, kwa kuwa hakuna neno jingine lililokuwapo.

“Marahaba.” Aliliangalia gari, akaniangalia mimi. “Hilo jingine lina nini?”

“Linaumwa, mama.”

“Pole yake,” alisema, akageuka kurudi ndani, na mabega yake yakawa yanatikisika chini ya khanga kwa namna ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa ghadhabu. Wa kwanza kucheka waziwazi alikuwa baba mdogo, na alipoanza yeye hakubaki mtu. Mjomba peke yake hakucheka. Alichukua mkoba, akaingia ndani, akaikabidhi barua, na jioni akarudi Dar es Salaam kwa basi pamoja na matenga ya samaki.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Walikubali. Chini ya orodha ya kawaida, ya mahari, mkaja na kilemba cha baba, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa mwandiko mwingine, usemao kwamba gari la bwana harusi lije likiwa limefumbua macho yote mawili au limefumba yote mawili, kwani nyumba ile haikonyezwi.

Mota ya jicho la kulia nilizunguka nayo Ilala nzima bila kuipata. Kwa hiyo asubuhi ya harusi, kanzu nimeshaivaa, nilifungua boneti nikakizungusha kwa vidole kile kitufe kidogo kilicho kwenye mota mpaka jicho likasimama, nikaliwasha na lile la kushoto, kisha nikachomoa fyuzi yake ili yasilale tena. Nilisogea nyuma nilitazame. Ilikuwa karibu saa saba, jua la utosi, macho yote mawili yako wima yananitazama, vilevile kama siku ile dalali aliponionesha.