Ukumbi Uliowaka kwa Idhini ya Choo

Anayeajiriwa kuchora michoro ya umeme kwa kompyuta huulizwa kuhusu saketi, kebo, breka na bodi za usambazaji, lakini hakuna anayemuuliza kuhusu ukubwa wa herufi, kwa kuwa inaaminika kwamba herufi zitajipanga zenyewe. Mhandisi aliyekuwa bosi wangu aliishika imani hiyo kwa moyo wote, na alikuwa tayari kuitetea mbele ya mtu yeyote mwenye rula.

Seti ya michoro ninayoizungumzia niliirithi kwa mchoraji aliyehamia kwingine. Kila kitu ndani ya modeli, yaani uwanja wa kompyuta ambamo jengo huchorwa, kilikuwa kimechorwa kwa ukubwa wake halisi, hivyo kwamba mlango wa milimita 900 ulikuwa na milimita 900 kweli, nazo herufi zilikuwa na kimo cha milimita 250, jambo ambalo lingemfanya mgeni wa kazi hii adhani mwenzangu alikuwa akiandika mabango ya barabarani. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ramani ya sakafu ilikusudiwa kuchapishwa kwenye karatasi kubwa ya A1 kwa skeli ya 1:100, yaani milimita moja ya karatasi ikiwakilisha milimita 100 za jengo, na ukigawa 250 kwa 100 unapata milimita 2.5, ambayo ni mojawapo ya vimo vya herufi vilivyowekwa na ISO 3098, kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro: 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea. Vimo hivyo havikuokotwa tu, kwani vinapanda kwa uwiano uleule wa karatasi za A, kiasi kwamba mchoro wa A1 ukipunguzwa kuwa A2, herufi ya 3.5 inashuka na kutua kwenye 2.5. Waliobuni mpango huo walikuwa watu makini, nami ningependa wangekuwapo ofisini kwetu wiki ile.

Matatizo yalianzia kwenye chumba cha pampu. Kwa kuwa chumba hicho kilijaa mitambo, kilihitaji mchoro wake mkubwa wa skeli ya 1:20, nao ulichukuliwa kutoka modeli ileile yenye herufi zilezile. Ukigawa 250 kwa 20 unapata milimita 12.5. Karatasi ilipotoka kwenye plota, ile printa kubwa ya michoro, maneno PAMPU YA MAJI yalikuwa yameilalia pampu, mota, swichi ya kuzimia na sehemu ya mlango, na chumba kilionekana kana kwamba kimekodishwa na kampuni iitwayo Pampu ya Maji.

“Punguza herufi,” mhandisi aliagiza.

“Mzee, nikizipunguza hapa zitapungua na kule kwenye ramani ya sakafu, kwa sababu ni herufi zilezile.”

“Kijana, mimi nimekuambia punguza.”

Nilizipunguza mpaka 50, na chumba cha pampu kikapendeza, kila neno likiwa na milimita 2.5 zake. Ramani ya sakafu, kwa upande wake, ilitoka na herufi za nusu milimita, ambazo kwa jicho la kawaida zilikuwa chembe za vumbi zilizotawanyika kando ya taa. Nilimpelekea mhandisi huku nikisubiri anielewe. Aliinua karatasi, akaisogeza mbali, akaikaribia tena, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Unaona sasa? Mchoro umesafika, unapumua.” Ilikuwa kweli kwamba unapumua, kwa kuwa hakukuwa na neno hata moja lililobaki la kuubana.

Dawa ya jambo hili inajulikana siku nyingi. Unaweza kuandika maneno kwenye ukurasa wa kuchapishia badala ya kwenye modeli, au ukatumia maandishi yanayoifuata skeli, ambayo AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, iliyaleta katika toleo la 2008: wewe unataja kimo unachotaka kukiona karatasini, yaani 2.5, nayo programu inazidisha yenyewe kwa skeli ya kila dirisha, yaani fremu ya ukurasani inayoonyesha sehemu ya modeli. Nilichagua njia ya pili, nikabadilisha maandishi yote, nikayapa skeli za 1:100 na 1:20, na karatasi zote zikatoka na herufi za kimo kimoja. Mhandisi alipoona hivyo alisema kwamba ndivyo alivyokuwa amenielekeza tangu mwanzo.

Kisha akaingia mwenyewe kwenye faili kukagua. Alibofya mara mbili ndani ya dirisha ambalo lilikuwa bado halijafungwa, akazungusha gurudumu la kipanya ili asogee karibu, akasoma alichotaka kusoma, akahifadhi, akatoka. Skeli ya dirisha la sakafu ya kwanza ikawa 1:87, idadi ambayo hakuna rula ya msanifu majengo inayoitambua, na herufi za ukurasa huo pekee zikavimba hadi karibu milimita 2.9. Nilirudisha skeli, nikalifunga kila dirisha kwa kufuli lake, na kwa muda nikafikiria kumfungia na kipanya.

Baada ya hapo michoro ilikuwa salama kabisa ndani ya kompyuta. Ulipofika wakati wa kuitoa, plota ya A1 ilikuwa imeishiwa karatasi, na fundi mkuu alikuwa akipiga simu kila saa akiitaka michoro yake. Mhandisi akaamua kuichapisha kwenye printa ya kawaida ya A3. Kompyuta ilimuuliza iwapo itosheleze mchoro kwenye karatasi, naye akakubali kwa furaha, kama mtu anayeulizwa iwapo anataka kusaidiwa mzigo.

Upana na urefu wa A3 ni nusu kamili ya ule wa A1. Kwa hiyo kila milimita 2.5 iligeuka 1.25, na skeli halisi ikawa 1:200, ingawa kisanduku cha jina la mchoro kiliendelea kutangaza 1:100 bila aibu. Lililozidisha madhara ni unene wa mistari. Herufi zetu zilichorwa kwa mstari wa milimita 0.25, yaani sehemu moja ya kumi ya kimo, kama inavyotakiwa, lakini kile kisanduku cha kuiambia programu ipunguze unene wa mistari pamoja na mchoro hakikuwekewa alama. Herufi zikasinyaa hadi nusu huku kalamu ikibaki na unene wake uleule. Niliiona karatasi hiyo baadaye kwa kioo cha kukuzia: tarakimu 8 ilikuwa imefumba macho yake yote mawili, na tarakimu 3, ambayo huishi kwa kuacha wazi upande wake wa kushoto, ilikuwa imeziba wino kiasi kwamba mbili hizo zikiwekwa pamoja hata mama yao asingezitofautisha.

Jengo lile lilikuwa na ukumbi wa mikutano, na ukutani kwake umeegemea msala, yaani choo. Sehemu zote mbili zilipangiwa taa zinazowashwa na vihisi vya mwendo, ili umeme usipotee pasipo na mtu. Kihisi cha ukumbi kiliitwa K3, cha msalani K8. Kwenye karatasi ya fundi vyote viwili viliitwa K-doa. Fundi, ambaye ni mtu wa heshima na hapendi kusumbua watu, alikisia. Akaziunganisha taa za ukumbi na kihisi cha msalani, na taa za msalani na kihisi cha ukumbini.

Mtu atauliza kwa nini hitilafu hiyo haikuonekana wakati wa majaribio. Siku ya majaribio, mafundi wa vigae walikuwa bado msalani na wapaka rangi walikuwa bado ukumbini, wote wakichapa kazi, hivyo taa zote ziliwaka na fomu ikatiwa saini.

Kikao cha makabidhiano kilifanyika ukumbini humohumo, mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya projekta. Mteja wetu, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, alikaa mbele. Tulikuta taa zinawaka, kwa sababu mlinzi alikuwa msalani akinawa, na mhandisi akaanza kueleza jinsi mfumo wetu unavyotambua uwepo wa binadamu. Mlinzi alimaliza kunawa, akaondoka zake. Dakika tano baadaye, mhandisi akiwa katikati ya sentensi yenye neno “uhakika”, ukumbi ukawa giza.

“Msiwe na wasiwasi,” alisema, “tujitikise kidogo, kihisi kitatuona.”

Tukajitikisa. Watu wazima kumi na kitu, wengine wenye vyeo, tuliinua mikono na kuipunga gizani, na upande wa pili wa ukuta msala mtupu ukaendelea kung'aa kwa taa zake zote, kwa kuwa kihisi kilikuwa kimetuona vizuri sana. Mjumbe mmoja aliomba radhi akatoka kwenda kujisaidia, na mara alipoingia tu, ukumbi ukawaka. Makofi yalipigwa. Mhandisi akashukuru na kuendelea. Mjumbe alirejea kitini pake, na baada ya dakika tano tukarudi gizani.

Fundi mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma, ndiye aliyeng'amua kwanza. “Samahani, Mama,” alisema kwa unyenyekevu, “naomba mtu mmoja arudi msalani.”

“Arudi kufanya nini, mwanangu?”

“Kutembea tu, Mama.”

Akatumwa mhasibu wa mkandarasi, na mwanga ukapatikana. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Kwa hiyo,” aliuliza, “kila kikao nitakachofanya humu kitakuwa na mwenyekiti, katibu, na mjumbe wa msalani?”

Nyaya zilibadilishwa alasiri ileile, kazi ambayo haikuwa kubwa. Kubwa ilikuwa kumweleza fundi kwa nini na kebo ya kulisha bodi ya ghorofa ya pili ilikomea nusu ya njia. Alikuwa ameipima kwa rula juu ya karatasi ya A3 akiiamini ile 1:100 ya kwenye kisanduku. Kupima kebo kwa rula mchoroni ni jambo lisilopendekezwa, lakini hilo si la kumwambia mtu aliyeshika ncha ya kebo isiyofika popote.

Kwa maombi yake, niliweka kwenye kona ya kila karatasi mstari wenye urefu wa milimita 100 kamili, na chini yake maneno yanayosema mchoro ni wa A1. Tangu hapo fundi hupokea michoro akiwa na futi yake mkononi. Husalimia, huweka karatasi juu ya meza, hupima mstari, ndipo husoma. Hivi karibuni mhandisi alimpelekea mwenyewe karatasi ya A1 iliyochapishwa kutoka faili la PDF, na fundi akaipima, akaikunja, akamrudishia. Mstari ulikuwa na milimita 97, kwa kuwa programu ya kusomea faili ilikuwa imeubana mchoro ili uenee ndani ya pambizo za printa.

“Fundi, milimita tatu tu!”

“Mhandisi, hata ile kebo ilianza kwa kupungua karatasini.”

Mhandisi akaichukua karatasi yake, akaingia garini, na kabla hajafika ofisini alikuwa ameshanipigia simu kuniuliza kile kitufe cha kuchapisha kwa asilimia 100 kinakaa upande gani wa skrini.