Mche Mrefu Haulilii Mbolea

Miche ya nyanya ikirefuka na kulegea kitaluni, ushauri unaotolewa haraka ni kuipa mbolea ya kukuzia. Naupinga. Mara nyingi miche hiyo haina njaa hata kidogo. Imepata habari kupitia mwanga kwamba jirani amekaribia, na jeni zake zimeitikia. Ukiiongezea yurea unachochea urefu uleule unaoulalamikia.

Shuleni mwanga ulifundishwa kwenye usanisinuru, ukaachwa hapo. Lakini mmea una protini iitwayo fitokromu, ambayo hubadilika umbo kufuata rangi mbili: nyekundu ya karibu nanomita 660, na nyekundu ya mbali ya karibu nanomita 730, ambayo macho yetu huiona kwa shida. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, walimulika mbegu za saladi zilizolowekwa, rangi moja baada ya nyingine. Zilizomalizia nyekundu ziliota kwa wingi. Zilizomalizia nyekundu ya mbali, nyingi zililala, hata kama nyekundu ilikuwa imetangulia mara kadhaa.

Kwenye mche kazi huenda hivi. Juani nyekundu huzidi kidogo ile ya mbali, na huiamsha fitokromu B. Ikiamka huingia kwenye kiini cha seli, huzishika protini ziitwazo PIF, nazo huvunjwavunjwa. PIF ndizo hukaa juu ya DNA na kuwasha jeni za kurefusha shina, zikiwemo za kundi la YUCCA zinazotengeneza homoni ya auksini. Sasa, jani la kijani hunyonya nyekundu na kuirudisha nje ile ya mbali. Palipo na majani mengi fitokromu hulala, PIF hubaki, na shina hukimbilia juu. Papo hapo mmea hupunguza kinga yake dhidi ya wadudu na vimelea. Ongeza unyevu unaotuama kwenye msongamano, kisha ushangae kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, kimetoka wapi!

Wengi hudhani lazima mche ufunikwe na mwenzake ndipo urefuke. Sivyo. Mwaka 1990 watafiti wa Argentina walizungushia mashina ya miche vichujio vyenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba), ambayo huzuia nyekundu ya mbali. Mashina hayo hayakurefuka kama yale yasiyokingwa, ingawa yote yalikuwa na majirani. Maana yake mwanga unaoakisiwa kutoka pembeni unatosha, kabla kivuli chenyewe hakijaanguka.

Kwa hiyo kusubiri majani yagusane ndipo upunguze miche ni kuchelewa. Panda kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, mbegu kina cha sentimita 1. Jani la kwanza halisi likitokeza, acha mche mmoja kila sentimita 3 hadi 4. Inayozidi ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya inayobaki. Inauma kukata miche ya mbegu chotara iliyonunuliwa ghali, lakini dawa ya hilo ni kupanda mbegu chache tangu mwanzo.

Matandazo nayo yaondolewe mara mbegu zinapochomoza, jioni, bila kungoja zote zitoke. Gizani protini iitwayo COP1 huiharibu nyingine iitwayo HY5, ambayo ndiyo huwasha jeni nyingi za kugeuza chipukizi jeupe kuwa mche wa kijani wenye shina fupi. Siku mbili za ziada chini ya nyasi zinatosha kukupa miche myembamba kama nyuzi.

Halafu kuna kitalu cha chini ya mwembe, kinachosifiwa kwa ubaridi wake. Majani ya mwembe yamekwisha kunyonya nyekundu, na kinachoshuka kimejaa ile ya mbali. Kichanja cha nyasi kavu au wavu mweusi hupunguza rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo ni afadhali mno, mradi usiwe mzito: mwanga wa bluu ukipungua sana shina hurefuka pia, kupitia protini nyingine. Anza kuondoa kivuli kidogo kidogo siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishia shambani.

Joto huzidisha tatizo. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba fitokromu B hupima joto pia: usiku ukiwa na joto, hulala upesi zaidi. Ndiyo sababu nafasi inayotosha Lushoto, kwenye baridi ya milimani, inaweza kuwa finyu Tanga mjini, kwenye joto la pwani. Pwani ningeacha sentimita 5 kati ya mche na mche.

Na iliyokwisha kurefuka? Nyanya inaokoleka: izike hadi karibu na majani ya chini, shina litatoa mizizi. Pilipili hoho haitoi mizizi ya shina kwa urahisi hivyo, kwa hiyo chagua mifupi, mingine iache.