Hongera pekee haimfundishi fundi: karakana za huku Ujerumani na za nyumbani

Kuna kasumba ya kudhani mafundi wa Ujerumani ni wazuri kwa sababu ya mashine tu. Mashine zipo, sikatai. Ila kinachomtoa kitandani kijana wa miaka 17 saa kumi na moja alfajiri, na baridi ile, ni mkataba, daftari na posho.

Huku mwanagenzi anaanza kwa kusaini mkataba na mwajiri. Siku moja au mbili kwa wiki yuko chuoni, zilizobaki yuko kazini, na kwa fani nyingi ni miaka mitatu au mitatu na nusu. Tangu 2020 kuna kima cha chini cha posho kisheria: kwa walioanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi, mwaka wa pili kinapanda asilimia 18 juu ya hapo, wa tatu asilimia 35. Kijana anajiona amepanda daraja bila kupigiwa makofi.

Daftari ndilo lenye uzito zaidi. Mwanagenzi anaandika kazi alizofanya, anayemfundisha kazini anakagua na kusaini. Bila daftari hilo kukamilika na kusainiwa, hakubaliwi kwenye mtihani wa mwisho.

Na maneno ya mwalimu? Chukua kijana anayejifunza kuchomelea kwa rodi ya milimita 2.5 kwenye bamba la milimita 6. Kumwambia "vizuri, endelea" ni kumwacha palepale. Mwalimu anayejua kazi anagonga gamba lililoganda juu ya mchomeleo, anasugua kwa brashi, anaonyesha kwa ncha ya chaki: "Hapa kingo zimeliwa, umeme mkubwa au umekimbiza mkono. Shusha toka ampia 95 hadi 80. Rodi isiinuke juu ya bamba zaidi ya unene wa rodi yenyewe. Piga mistari mitano, wa tano tuuweke karibu na wa kwanza." Mstari wa tano ukitoka safi, sifa imeshajisema yenyewe.

Nyumbani Tanzania, kwenye vyuo vya ufundi vya serikali (VETA) na vya binafsi, walimu wa namna hii wapo. Kinachowakwamisha ni hesabu. Vijana 24, mashine 3, kipindi cha dakika 160: kila mmoja anapata dakika 20, kama umeme haukukatika. Muda uliobaki unajazwa na nasaha za kujiajiri, wepesi wanajisogeza mbele, na wale wapole, mara nyingi wasichana, wanaishia kushika chuma na kufagia.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Wagawe wanane kwa kila mashine: mmoja anachomelea, mwenzake amevaa ngao na kumkosoa, wengine wanapima, wanakata, wanasafisha. Baada ya mistari mitano wanabadilishana. Kila bamba liandikwe jina na tarehe, liwekwe rafuni, lisitupwe kwenye chuma chakavu. Kijana akishika bamba lake la wiki ya kwanza na la wiki ya sita, hahitaji hotuba.

Nisije nikaeleweka kwamba huku kila kitu ni asali. Zaidi ya robo ya mikataba ya wanagenzi huvunjwa kabla ya muda wake, na kule Swabia, kusini mwa Ujerumani, wana msemo kwamba kutokugombezwa ni sifa tosha. Mwalimu wa nyumbani anajua nani hajala na nani amekosa nauli, na neno lake lina uzito wa mzazi. Hilo Wajerumani wangekuja kulisomea kwetu.

Ila daftari la field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, jamani. Nyumbani lipo, lakini wiki zote nane zinasainiwa siku ya mwisho, kalamu moja, mwenye gereji hajasoma hata ukurasa mmoja. Mwalimu apite wiki ya pili, afungue daftari, aulize: "Jumanne ulifunga beringi upande gani, na ulijuaje imekaa?" Wiki ya tatu kijana ataandika mwenyewe, kila jioni, kabla hajanawa mikono.