Mwezi Ukipatwa, Piga Picha ya Mtaa Wako

Kila mwezi unapopatwa, mitandao ya kijamii hujaa picha za aina mbili: kitone cheupe kisicho na umbo katikati ya giza, na duara jekundu safi mno, lisilo na alama yoyote ya mahali lilipopigwa. Tuliziona zote mbili kwa wingi baada ya usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, pale mwezi ulipoanza kumegwa saa 1:27 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ukazama wote katika kivuli cha dunia kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Maoni yangu ni kwamba tunailazimisha simu kufanya kazi isiyoiweza, huku tukiiacha ile ambayo ingeifanya vizuri.

Tuanze na ukubwa. Mwezi mpevu, hata unapotokeza mkubwa juu ya mapaa, huchukua nusu digrii tu ya anga, ilhali lenzi kuu ya simu hutazama eneo lenye upana wa digrii 65 au zaidi. Katika picha yenye upana wa pikseli 4,000, yaani vidoti vidogo vinavyoiunda, mwezi mzima hutoshea katika pikseli 30 hivi. Ukiuvuta kwa vidole huongezi chochote, kwa kuwa simu inazitanua pikseli zilezile. Simu yenye lenzi halisi ya kukuza mara tano huupa mwezi pikseli 150, na hapo madoa yake makubwa huanza kutambulika. Wasio nayo wanaweza kuiegemeza simu kwenye jicho la darubini ya mkono, njia ya taabu kidogo lakini ya haki.

Nasema ya haki kwa sababu ipo nyingine nisiyoipenda. Machi 2023, mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit aliichukua picha ya mwezi, akaitia ukungu kwa makusudi hadi maelezo yote yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung akiwa mbali nayo, taa zikiwa zimezimwa. Picha iliyotoka ilikuwa na mashimo na mabonde ambayo hayakuwapo kwenye skrini. Kampuni ilieleza kwamba programu yake ya akili bandia huutambua mwezi na kuuongezea maelezo. Huawei nayo ilikuwa imelalamikiwa kwa jambo la namna hiyo mwaka 2019, ilipotoa simu ya P30 Pro. Kwa mashine somo hili ni jepesi, kwani mwezi hutuonyesha uso uleule mwaka hadi mwaka.

Katika usiku wa kawaida nisingegombana na mtu kwa ajili ya pambo kama hilo. Usiku wa kupatwa ni tofauti, maana rangi ya mwezi ndiyo habari yenyewe. Mwanga pekee unaoufikia wakati huo ni ule uliopenya katika angahewa pembezoni mwa dunia na kupindwa kuingia kivulini. Buluu hutawanyika njiani, nyekundu ikasalimika. Kwa hiyo rangi hiyo inategemea hali ya hewa yetu wenyewe. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, majivu na gesi zake zilifika juu sana, na mwezi uliopatwa Desemba 1992 ulikuwa na giza lisilo la kawaida. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alikuwa ametunga kipimo cha 0 hadi 4 kwa ajili ya kulinganisha giza na wekundu huo, na hadi leo mtu yeyote anaweza kukitumia kwa macho yake tu. Programu inayoisahihisha rangi ili ipendeze, au inayochora mashimo ya mwezi wa siku nyingine, inafuta kile hasa kilichotutoa nje.

Je, simu inafaa kwa kazi gani? Inafaa kwa picha pana. Kabla ya kupatwa, mwezi ni jiwe lililo juani mchana kweupe, na simu ikipima giza lililouzunguka hufungua mwanga kupita kiasi, ndipo kile kitone cheupe kinapozaliwa. Ukizama kivulini, mwanga wake hupungua mara elfu kumi au hata zaidi, na kwa muda wa saa moja hivi unakaribiana na mwanga wa mtaa ulio chini yake. Ni nafasi adimu ya kuweka mwezi na nyumba katika picha moja bila kimojawapo kuharibika. Katika miji ya pwani, Waislamu husali sala ya kupatwa kwa mwezi; picha ya watu wakitoka msikitini na mwezi mwekundu ukiwa juu ya mnara ina thamani kuliko duara lolote, kwa kuwa duara limekwisha kupigwa na wenye darubini kubwa, na mtaa wako hawakuufikia.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Simu iwe kwenye stendi au iegemezwe kwenye ukuta, na ipige kwa kipima muda ili kidole kisiitikise. Mwezi ukiwa bado unang'aa, uguse kwenye skrini na kushusha mwanga hadi ukingo wake uonekane. Ukishazama, tumia hali ya usiku, au sehemu ya Pro, ambako unaipanga kamera mwenyewe, kwa ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 400 hadi 800 na muda wa kupokea mwanga wa sekunde moja au mbili, kisha urekebishe. Mizani ya rangi iwekwe kwenye alama ya jua, na kipengele cha kutambua mandhari kizimwe. Flashi nayo izimwe: kilomita 384,000 haitazifika, ila jirani ataudhika.

Kupatwa kwa sehemu kwa tarehe 28 Agosti 2026 kunatufikia alfajiri, na mwezi unatua magharibi kabla ya kilele. Fursa kubwa ni jioni ya tarehe 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza Dar es Salaam na Nairobi ukiwa tayari umemegwa, uzame wote kuanzia saa 1 na robo hivi hadi karibu saa 2 na nusu, ukiwa bado chini upande wa mashariki, mahali ambapo mnazi, mnara au tanga la jahazi linaweza kuingia nao katika picha moja bila kuvuta chochote.