Wingu Limenyanyuka Tena

Limenyanyuka. Jana magharibi ndiyo nimemaliza kigingi cha mwisho, nimejigonga nyundo kidoleni, nikakaa chini nikasema haya, walau hapa tutakaa wiki. Asubuhi natoka kunyoosha mgongo, natazama juu ya Hema la Kukutania: wingu linapanda zake taratibu, halina habari na kidole cha mtu. Na likinyanyuka, sisi wana wa Israeli tunang'oa hema, safari ya jangwani inaendelea.

Silalamiki. Waliolalamika tunajua walikozikwa. Nasema tu, kutoka mlima Horebu mpaka Kadesh-Barnea, mlangoni pa nchi tuliyoahidiwa, ni mwendo wa siku 11, na huu ni mwaka wa 31 tangu tutoke Misri. Wapelelezi wetu walikaa nchi hiyo siku 40, na tulipogoma kuingia tukapewa mwaka wa kutangatanga kwa kila siku yao. Wale watu 12 hawakuwa na wake wa kuwahi nyumbani? Si wangechungulia siku 3, wakakata kichala chao cha zabibu, wakarudi!

Na sisi wa kabila la Dani tunafunga msafara. Watangulie Yuda, wapite Reubeni, wapite Efraimu, na ng'ombe wao wote. Vumbi lao ndilo fungu letu.

Lakini leo sikuamshwa na wingu. Niliamshwa na harufu.

Nikanusa viatu vyangu, havina kosa. Nikamnusa mbuzi, akanitazama kama aliyetukanwa. Akabaki mama mkwe, kule pembeni, amejifunika gubigubi, amekumbatia chungu.

Sasa mama mkwe unamuuliza vipi habari ya harufu? Mtu ambaye hata macho humkazii!

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, baba."

"Leo siku ya ngapi vile?"

"Ya tatu."

"Si ya sita?"

"Sijazeeka hivyo."

Tukanyamaza. Buu moja likapanda ukingo wa chungu, likasimama pale kama shahidi aliyeitwa.

"Mama, si tuliambiwa mana inayoshuka asubuhi iliwe siku hiyo hiyo, isilale?"

"Mbona ya siku ya sita, ya kuamkia Sabato, inalala na haina neno? Mana ile ile, chungu kile kile."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mwanamume mzima, nina miaka 49, sina jibu.

"Baba," akasema, "mimi Misri nilifyatua matofali. Jana yake majani tunapewa, asubuhi tunaambiwa kayatafuteni wenyewe, na hesabu ya matofali haipungui. Tangu siku ile, mtu akiniambia kesho ipo, naficha."

"Lakini Mama, miaka 30! Ukiacha Sabato, kuna asubuhi imekosa kushuka?"

"Ndiyo maana naogopa. Kitu hakijakosa miaka 30, huoni zamu ya kukosa imekaribia?"

Nikabeba chungu nje, uso nimeugeuzia upande. Jirani wa Naftali akauliza, nani kafa? Utani huo hapa hautaniwi. Waliokuwa na miaka 20 kwenda juu walihukumiwa kufia jangwani, na wanakwisha mmoja mmoja. Mimi nilitoka Misri na 19. Kaka yangu alikuwa na 21, tumemwacha nyuma huko chini ya mawe, na wingu lilinyanyuka siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Hata siku moja ya kukaa naye?

Basi.

Mwanangu ananivuta kanzu. Kanzu yenyewe ndiyo ile ya usiku wa kutoka. Haichakai, nimetafuta tundu la kisingizio sijaliona. "Baba, leo tunakula nini?" Namwambia, ndiyo. Hakuelewa, na simlaumu. Chakula ambacho jina lake, mana, ni swali la "nini hiki?" utakitajaje? Mke wangu amekisaga, amekitwanga, amekichemsha, ameoka mikate, na kila siku naambiwa nionje leo kuna tofauti. Naonja. Nasema ipo.

Tarumbeta hizo. Yuda wanaondoka, maana yake zamu yetu ni baada ya vumbi kushiba. Kigingi cha kwanza kimegoma kung'oka, mama mkwe anauliza chungu chake nimekiosha au nimekitupa, na huyu mbuzi wa Naftali anatafuna kamba ya hema langu. We! Mwenye mbuzi! Ina maana mna kamba chache huko kwenu?