Tom Mix alidanganya kuhusu vita, sasa tumuweke wapi?

Kuna jamaa yangu tunabishana sana kuhusu Tom Mix, yule stelingi wa sinema za kauboi enzi za filamu bubu. Yeye anasema Mix alikuwa tapeli na sifa zote apewe mwenzake William S. Hart. Mimi nakubali nusu, nusu nakataa, ngoja nieleze.

Uongo upo na ni mwingi, hilo halina ubishi. Mix kazaliwa 1880 Pennsylvania, mashariki kabisa, sehemu za wapasua mbao, baba yake akitunza farasi wa tajiri mmoja wa mbao. Ila ukisoma habari zilizosambazwa na studio utadhani ni mtoto wa Texas, kapigana Cuba akiwa ndani ya Rough Riders, kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea cha Theodore Roosevelt, katoka hapo kaenda China, mara yuko Afrika Kusini kwenye vita ya Makaburu. Vyote hivyo hakuna. Jeshini aliingia kweli, 1898, vita ya Marekani na Hispania ilipoanza, ila hakupelekwa mstari wa mbele, na 1902 akachukua likizo, akaoa, akaamua harudi tena kambini. Mtoro kabisa, bahati yake hakuna aliyemfuata kumkamata.

Sasa hiyo ya Rough Riders ilitokea wapi? Mwaka 1905 Roosevelt alipoapishwa kuwa rais wa Marekani, Mix alikuwa kwenye kundi la wapanda farasi waliopita kwenye gwaride, na humo ndani kulikuwa na watu waliokuwa kwenye kile kikosi kweli. Miaka ikapita, watu wa promosheni wakachanganya mambo, na yule aliyepanda farasi karibu na askari akageuzwa kuwa askari mwenyewe. Kwangu huu ndio mbaya kuliko wote, maana kule Cuba watu walikufa, wengine kwa risasi wengine kwa homa, halafu mtu aliyetoroka jeshi anavaa sifa yao na watoto wanamuamini. Kusema studio ndiyo iliandika haitoshi, angeweza kukanusha na hakukanusha, na yeye mwenyewe alipenda kuzisimulia hizo hadithi.

Lakini jamaa yangu anaposema kila kitu kilikuwa feki hapo ndipo ananikera. Mix alifanya kazi Oklahoma na wale Miller wa 101 Ranch, ranchi ya ng'ombe kweli iliyokuwa pia na maonyesho yake ya wapanda farasi, kabla hata ya kuingia kampuni ya filamu ya Selig na baadaye studio ya Fox 1917. Farasi alimjua, kamba aliijua, ameumia mara nyingi tu akipiga picha, japo studio iliongeza chumvi na hapo pia. Huwezi kudanganya ukiwa juu ya farasi anayekimbia, kamera inakuona!

Na huyo Hart anayesifiwa kwa ukweli, mbona alikuwa mtu wa jukwaani? Kaigiza Shakespeare, kaigiza Messala, yule adui, kwenye mchezo wa Ben-Hur pale Broadway, mtaa wa tiyeta New York, 1899, filamu kaingia 1914 anakaribia miaka 50. Sisemi hivi kumponda, vumbi lake na nguo zake chakavu na yale majambazi yanayotubu zilikuwa kazi nzuri sana, na Mix na mashati yake ya kudarizi hamfikii kwenye kuigiza, hata robo. Ninachosema ni kwamba yule aliyeonyesha Magharibi ya Marekani, ile ya makauboi, kama ilivyokuwa alitoka tiyeta, na huyu aliyeipaka rangi alitoka ranchi, kwa hiyo ukweli wa mtu na ukweli wa filamu yake ni vitu viwili na jamaa yangu anavichanganya. Hata Wyatt Earp, yule askari maarufu wa enzi za makauboi, alipofariki 1929 Los Angeles, wote wawili walikuwa miongoni mwa wabeba jeneza.

Kitu kingine kinachonisumbua. Mix alicheza filamu karibu 300, nyingi zimepotea, zikiwemo zile zilizoungua 1937 stoo ya Fox ilipowaka moto kule New Jersey. Filamu za wakati ule zilikuwa za naitreti, aina ya plastiki inayowaka upesi, zikishika moto hazizimiki. Yeye mwenyewe akafa 1940 kwa ajali ya gari Arizona. Kilichobaki kwa wingi ni zile habari za promosheni, yaani kazi yake imeungua ila uongo wake haukuungua, na sisi tunamhukumu kwa kilichobaki. Hilo ndilo naona si haki, hata kama ya Cuba sitamsamehe.

Jamaa yangu nimemwambia atafute The Great K & A Train Robbery ya 1926, hiyo bado ipo, aangalie pale mwanzo Mix anaposhuka na waya kutoka juu ya jabali moja kwa moja mpaka kwa farasi wake Tony, halafu aniambie kama huyo ni tapeli tu.